Anayeanguka Haoni Mwanga Ukipinda

Timau, 4 Februari 2025

Kwa mama yangu Kagure,

Habari za Giakanja? Wewe na wanafunzi wako hamjambo? Mimi niko salama, mgongo tu ndio unanisumbua. Kisima kimemeza simu yangu ya pili, kwa hivyo barua hii nampa Wamae wa lori la viazi.

Nikuulize wewe mwalimu wa fizikia. Jana nikishuka kuchimba, breki ya winchi inayotushusha kwa kamba iliteleza. Nilianguka kidogo pamoja na ndoo niliyopanda, kisha breki ikashika. Sikuogopa. Sikuwa na uzito, ati kama mtu ameshalala. Tochi yangu ilikuwa inamulika upande wa pili wa ndoo, na mwanga ulibaki palepale. Mbona?

Mwanao kwa jina, baba yako kwa damu

Giakanja, 9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Natumaini u mzima. Sisi hatujambo, ila mimi sina usingizi tangu nisome yako.

Anayeanguka huru hahisi uzito, na kwake mwanga unakata ndoo moja kwa moja. Sisi tuliosimama juu, kwetu mwanga huohuo unapinda kuelekea chini, kidogo sana hata jicho haliwezi kuona. Mwanga unaanguka pamoja nawe. Ndoo, tochi, mwanga na wewe mnaanguka sawa, kwa hivyo humo ndani hakuna cha kukuonya. Ule utulivu ndio kuanguka kwenyewe, Baba.

Tengenezeni hiyo breki. Ulinipa jina la mama yako, na kwa jina hilo nakukataza kushuka.

Binti yako, Kagure

Timau, 15 Februari 2025

Mama,

Salamu nyingi. Mimi mzima kabisa. Nimemsomea barua yako Hezekiah, yule anashika winchi, akasema kama kuanguka ni raha hivyo, basi tumekuwa tukiogopa bure. Tumecheka sana.

Lakini mama akikataza, amekataza. Nimeacha. Fundi wa breki anatoka Nanyuki Jumatatu. Ila sururu yangu imebaki chini na maji yameanza kuingia. Kesho nitashuka mara moja tu niichukue. Hiyo si kuchimba. Na nitabeba tochi, niangalie vizuri hayo mambo yako.

Mwanao mtiifu

Giakanja, 22 Februari 2025

Baba,

U hali gani? Sisi tupo.

Leo Wamae amepita bila barua. Nimemuuliza kama amekuona, akasema hakupitia kwenu, huku anaangalia viatu vyake. Amekataa chai. Wamae hajawahi kukataa chai hapa.

Nina hasira na wewe. Sururu zimejaa maduka yote ya Timau. Nilikwambia usishuke, sikukwambia ushuke mara moja.

Barua hii nakuletea mwenyewe kesho asubuhi. Nikifika nikupate umekaa nje kwa jua, sururu iko kando yako, nikugombeze mbele ya Hezekiah mpaka uone aibu. Naogopa, Baba. Ukae hapo nje tu, unisubiri.

Mama yako,
Kagure