Kwa Louis, juu ya ile masomo ya kisiwani

Gare ya Kolwezi, tarehe 6 Juni 1993

Mupendwa mudogo yangu Louis,

Salamu nyingi toka kwetu. Uko muzima? Bibi yako Adolphine na batoto beko bazima? Ule mugongo wako wa kuuma, ulipona? Mi niko muzima, nashukuru Mungu. Ni magoti tu njo inanisumbua, juu ya kulala chini.

Tuko hapa ku gare, wiki saba sasa. Sababu unaijua: banasema batu ya Kasai bote batoke Katanga. Nyumba ya tata, kule tulizaliwa sisi bote, iko na batu bengine ndani. Banapika na sufuria yangu. Tunangojea treni ya kupita Tenke mpaka Mwene-Ditu, fasi mi sijafika hata siku moja. Banasema njo kwetu.

Sasa nikuambie yenye iko ku roho. Barua yako ilifika, lakini haikufika kwangu. Uliandikia Mushiya. Louis, tangu lini mutoto anapata habari kwanza, mi nyuma? Marehemu kaka yetu Lukusa aliacha ule mutoto mu mikono yangu. Kwetu dada ya baba njo baba mwanamuke, na weye unajua bizuri. Ama Bruxelles ilikusahaulisha? Hapana, ulifanya makusudi. Ulijua nitakataa.

Basi, nakataa.

Mushiya alikuwa mwaka wa tatu wa unganga ku université kule Lubumbashi. Banafunzi benzake balimutoa mu chumba, bakatupa bitabo byake inje. Hakushindwa hata examen moja. Na weye unamutumia karatasi yenye picha ya bahari na bijana banacheka, eti masomo ya unganga mu bisiwa bya Karaibi. Nani wa kwetu alisoma kule? Taja jina moja tu.

Nilionyesha Docteur Kalumba ile karatasi. Yeye ni mutu wa hapa, na majirani yake banamuangalia mubaya juu anakuya kupima batoto yetu ku gare. Aliisoma yote, mpaka maandishi ya kidogo ya chini. Akaniambia kule banapokea karibu kila mutu, kisha bengi banaangukia ku examen ya kwanza. Kila kitu ni Kingereza. Kisha miaka miwili kupita, mwanafunzi mwenyewe anatafuta hopitali ya kujifunzia mu inchi ingine, na kama hapati, anarudia nyumbani mikono mitupu. Nyumbani gani, Louis? Na diplôme yenyewe, Docteur hajue kama huku bataikubali.

Akanisomea tena mustari moja: bakubwa ya masomo banaweza kufukuza mwanafunzi wakati yoyote, bila kumueleza sababu. Ile maneno sisi tunaijua. Tuliisikia mu avenue yetu, sikuhitaji kulipa ndege juu ya kuisikia.

Chini kabisa, fasi ya jina ya mutu mwenye kuleta mwanafunzi, uliandika jina yako. Banakupa nini? Unijibu bila kuzunguka.

Jana asubui nilishika ile karatasi niipasue. Mushiya alikuwa ananawa mikono, ametoka kuangalia mutoto wa jirani mwenye surua. Hakulia, hakunigombeza. Alisema tu: «Tantine, huku balinifukuza juu ya jina ya nkambo wa Kasai. Kule bakinifukuza, itakuwa juu nilishindwa. Acha nishindwe mi mwenyewe.»

Nilikaa juu ya mizigo. Nilinyoosha ile karatasi, nikamurudishia. Roho yangu ingali inakataa, lakini uchaguzi ni yake.

Basi, tafuta visa, tuma tiketi. Nitamubariki mi mwenyewe na mayi ya kinywa yangu, juu hana baba mwingine. Lakini sijakusamehe. Umufundishe kwanza Kingereza kwako, mbele ya kumutuma. Na siku bakimutoa ku kile kisiwa, mulango wako ukuwe wazi. Hii sikuombi, nakuambia.

Nisalimie Adolphine na batoto, na binamu yetu Laurentine kama mungali munaonana. Mama Mbuyi, mwenye tunalala naye chini ya turubai moja, anakusalimia. Mi nilimwambia asikusifie. Mungu akulinde, na akupe haya kidogo.

Mi yaya yako, dada yako mukubwa, mwenye kukupenda na mwenye kukukasirikia,

Tshiela