Mmea Wanaoutukana Wavuvi

Njeri mjukuu wangu,

Kisumu yaendeleaje? Huku Kihoto tuko wazima. Ziwa limerudi nyuma kidogo na mama yako amepanda sukuma tena.

Umeniuliza ni mmea gani utakaoishi ndani ya hilo tangi la samaki la hoteli yenu, kubwa kama sebule yetu, na hakuna mtu wa kuutunza. Nimemkumbuka mamangu. Nikiwa msichana, alipanda mayungiyungi kwa birika la kunyweshea ng'ombe. Yalikuwa maridadi, yakaoza yote. Halafu gugu la ziwani likaingia na ndoo ya maji. Mama akaling'oa, likarudi. Akaling'oa tena, likarudi. Siku moja akainama akaona maji yametakata mpaka chini. Akacheka, mikono ikichuruzika: "Huyu mgeni hakubisha hodi, lakini ona vile amenifagilia nyumba!"

Mimi sivai kofia, lakini gugu lile nalivulia kitambaa.

Basi usianzie duka la maua. Shuka ziwani, uwaulize wavuvi ni mmea gani wanaoutukana kila asubuhi kwa kung'ang'ania nyavu zao. Ule watakaoutaja kwa hasira zaidi, huo ndio wako.

Shosho yako