Lenzi ya Kumpigia Mama Mkwe Picha

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Navin wa duka la kamera amenipa lenzi ya kuvuta, niijaribu wiki moja. Ya Kijapani, imetumika, milimita 80 hadi 200. Nusu ya bei ya mpya. Akaniuliza, "Masinde, karani mzima wa reli, unaenda kupiga simba?" Nikasema ni mama mkwe. Alicheka sana. Sikumweleza.

Marehemu mke wangu, Nasimiyu, hakuacha picha ya uso. Nikiinua kamera alivuta leso mpaka puani. Ninayo moja tu — yuko bombani, mgongo. Binti yetu Naliaka alikuwa wa mwaka mmoja mamake alipofariki. Sasa ana minne, anauliza mama alikuwa anafanana vipi. Wote husema Nasimiyu na mamake mzazi ni uso mmoja. Mimi sijui. Kwetu Bukusu mwanamume hamsogelei mama mkwe, wala hamtazami usoni.

Anakuja Jumamosi.

Jumatano, 7 Agosti
Stesheni, hatua ishirini kutoka kwenye kibao. Tundu la lenzi likifunguliwa lote, herufi za pembeni zina ukungu. Likibanwa hadi f/8, safi. Nzito. Ukiielekeza chini inateleza yenyewe. Tena ukiweka fokasi kisha ukavuta, fokasi inapotea. Vuta kwanza.

Ijumaa, 9 Agosti
Navin amesafisha filamu. Picha nne zimetikisika, zote za jioni yenye mawingu. Inataka jua. Lakini yake mwenyewe, mlangoni pa duka, hatua kumi na tano — hadi nywele za masikio! "Hiyo ichome," akasema. "Mke wangu akiiona ataitundika sebuleni."

Inatosha. Naichukua.

Jumamosi, 10 Agosti
Amefika na gari moshi la asubuhi. Analala kwa jirani, Chepkemboi; kwangu haiwezekani. Nimemtuma Chepkemboi aniombee ruhusa. Jibu: apige, asikaribie tu, na asijifiche nyuma ya ua kama mwizi wa kuku.

Jumapili, 11 Agosti
Saa nne, jua zuri. Aliketi uani kwa Chepkemboi, Naliaka mapajani. Mimi penye kamba ya nguo, hatua kumi na tano. Nikavuta hadi mia mbili, nikaweka fokasi.

Ni yeye, Nasimiyu. Hata ile alama ndogo juu ya mdomo, ambayo Nasimiyu alikuwa akiigusa akihesabu mishono. Na alikuwa ananitazama, karibu kama mtu tunayekula naye meza moja.

Nilishusha kamera, nikatazama miguu yangu.

Mama mkwe akamwambia Chepkemboi, nami nasikia, "Muulize kama mashine imekufa."

Chepkemboi akaniuliza. Nikasema nangoja wingu lipite.

"Mwambie sioni wingu."

Nikasema basi ni filamu, naenda kuibadilisha. Filamu haijapigwa hata picha moja. Naandika hapa mezani. Dirishani naona hawajaondoka. Amemwagia maji kitambaa, anampangusa Naliaka uso, kisha anapangusa wake. Nachukua kamera, naenda.