Kipande cha Figo Lako Hakimo Kaburini

Nafula, mwanangu,

Kukhu wako, bibi yako mzaa baba, ameondoka asubuhi ya leo bila kuniaga. Amepanda basi la kurudi Bungoma akiwa amenuna, mkoba kaubeba mwenyewe, hakutaka hata baba yako amshikie. Nimefurahi alivyoondoka. Nakuambia wewe kwa sababu wengine nikiwaambia watasema huyu mwanamke wa Kikongo hana adabu kwa mama mkwe wake. Wewe hukuwahi kunisema vibaya, ila siku ile nilipokunyima soda.

Amekasirika kwa sababu amejua kwamba kile tulichozika kando ya kaburi lako hakikuwa figo lako. Kilikuwa kipande cha mshumaa. Mimi ndiye niliyekifunga kwenye kitambaa. Ngoja nikueleze vizuri, maana figo ni lako na una haki ya kujua liko wapi.

Nilikuwa nakuogesha kwenye beseni, pale nyuma ya nyumba yetu ya Luzira, hapa Kampala, mkono wangu ukagusa kitu kigumu upande wa kushoto wa tumbo lako. Ulicheka ukidhani nakutekenya. Majirani walikuwa wakikusifia hilo tumbo, wanasema mtoto wa Mama Nafula anakula akashiba. Kliniki ya kwanza walisema ni bandama, malaria hiyo. Ya pili walisema minyoo. Ulipoanza kukojoa damu ndipo tukatumwa hospitali kubwa, na huko yule daktari mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza akatuambia ni saratani ya figo, ile ya watoto. Mimi sikujua kwamba watoto nao wana saratani yao. Nilidhani ni ugonjwa wa watu waliokwisha kuishi.

Wakakupasua, wakalitoa figo na uvimbe wake. Ulipozinduka uliniuliza wameliweka wapi. Nikasema limepelekwa maabara kuchunguzwa. Ukasema, "Wakimaliza warudishe, ni rangu." Ulicheza sana na watoto wa hapa mpaka l na r zikakuchanganya, na kukhu alikuwa akikucheka kwa hilo kila akija. Mimi nilikuwa sikurekebishi. Nilipenda ulivyosema.

Halafu zikaja zile dripu. Nywele zikaisha, ukawa unavaa kilemba nilichokushonea kwa mabaki ya vitenge vya dukani ninakoshona. Daktari alituambia watoto wengi wenye saratani hii hupona. Nilimwamini. Pale wodini niliwaona wanapona kweli, mama zao wanafunga mabeseni yao wanakwenda zao, na mimi nikawa najipa moyo kwamba zamu yetu inakuja. Kumbe uvimbe wako ulikuwa wa aina nyingine. Ukarudi kwenye mapafu, na ukakuchukua.

Tulikuzika Bungoma, kwa kina baba yako. Udongo haujakauka, kukhu akatuita ndani, akauliza, "Mwili wa mtoto wetu ni mzima ama si mzima?" Kwao mtu hulazwa na kila kilicho chake. Yuko mzee mmoja wa ukoo alikatwa mguu; mguu ulizikwa kwanza, ukamngojea mwenyewe miaka mingi. Baba yako akainama, akasema figo limebaki Kampala. Kukhu akasema, "Basi mwende mkalichukue. Mjukuu wangu hatalala nusu." Na mimi, Nafula, hapo nilikubaliana naye kabisa. Ulikuwa umesema warudishe.

Tukarudi Kampala, baba yako akaenda maabara. Akaambiwa figo lenyewe lilishachomwa pamoja na taka za hospitali. Taka! Kilichobaki ni kipande kidogo, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kimegandishwa ndani ya nta ili kisioze. Wakati anajiandaa kukichukua, yule daktari akatuita sote wawili.

Alituambia hivi. Uvimbe kama ule wako una alama ndani ya jeni zake, alama zisizoonekana kwa darubini ya kawaida. Kuna alama inayosema huu ni mpole, utaisha kwa dawa nyepesi. Kuna inayosema huu ni mkali, anza na dawa nzito mapema. Kwa wenzetu walioendelea, alama hizo hutafutwa mtoto akiwa bado hai, kisha ndipo dawa inachaguliwa. Hapa hakuna mashine hiyo, kwa hiyo wote mlipewa dawa zilezile, wapole kwa wakali. Sasa wako watafiti ng'ambo waliokuwa tayari kukipima kipande chako bure.

Nikamuuliza: mngejua mapema, mngempa dawa nyingine? Akatazama mezani. Akaniita kwa heshima ya Kiganda, akasema, "Nyabo, tungejaribu." Sijawahi kulichukia neno kama nilivyolichukia hilo la kujaribu. Ulipokuwa hai ulikaa kwenye benchi kutwa nzima ukisubiri kuitwa jina, umelala mapajani mwangu unaniuliza kama bado. Ulipokufa, ndipo kipande chako kikatafutiwa nafasi kwenye ndege.

Nikasimama niondoke. Daktari akasema nikae, liko jambo jingine, na hilo ni la Simiyu, mdogo wako. Zipo alama ambazo mtoto huzaliwa nazo, anazipata kwa mzazi, na ndugu yake anaweza kuwa nazo pia. Damu yako haikuhifadhiwa. Bila kujua alama yako ni ipi, kutafuta kwenye damu ya Simiyu ni sawa na kutafuta nyumba ya mtu mtaa wa Ntinda bila kujua jina lake. Lazima waanzie kwenye kile kipande. "Lakini nikuambie ukweli, nyabo," akasema, "hii kitu ikikatwa tena, ya kuzika itabaki kidogo sana, ama hakuna."

Basi ikawa hivyo: ama wewe ulale mzima, ama tujue kama mdogo wako ana ugonjwa ule ule unaomngojea tumboni.

Baba yako mbele ya mama yake huwa mtoto kuliko Simiyu. Kukhu alikuja hadi Luzira kuhakikisha. Nilipiga magoti, nikamwambia, "Mama, Nafula hawezi rudi. Lakini huyu mutoto mwingine iko hapa." Akanijibu, "Huko kwenu Kongo labda mnazika vipande. Sisi hapana. Na kama kuna ugonjwa kwa damu, si huku umetoka." Alikuwa akisema hivyo tangu ulipougua, kwamba damu ya wakimbizi ndiyo iliyokuharibu. Baba yako alisikia. Kesho yake akaenda maabara akakileta kile kipande.

Kukhu akanipa mimi nikifunge, kwa sababu vitambaa ndiyo kazi yangu. Nikaingia chumbani nikafunga mlango. Nikakishika mkononi, Nafula. Nta nyeupe, na katikati kidoa cha rangi ya chai, na hicho kidoa ni wewe. Simiyu alikuwa amelala kitandani, fulana imepanda, tumbo lote nje. Nilimwekea mkono kama nilivyokuwekea wewe kwenye beseni. Lilikuwa laini. Lakini hata lako liliwahi kuwa laini.

Tulikuwa na mshumaa wa siku za umeme kukatika. Nikaukata kipande, nikakifunga kwa kitenge kile cha njano chenye kuku uliokuwa unawaita kwa majina, nikamkabidhi kukhu kwa mikono miwili. Kile cha kweli nikakitia kwenye pochi yangu. Asubuhi nikasema napita dukani kuacha funguo, nikaenda kumrudishia daktari, kisha nikawakuta kituo cha basi.

Bungoma mchungaji aliomba, kina mama wakaimba, kukhu akashuka mwenyewe kwa magoti akaweka kitambaa kwenye shimo. Nililia hadi wakanishika. Nililia kweli. Mshumaa au si mshumaa, kaburi lilikuwa lako.

Majibu yalichelewa sana, mpaka nikaanza kudhani wamekupoteza huko. Yalipofika, daktari alinieleza kwamba alama zilipatikana mbili. Ya kwanza ni ya ukali; uvimbe wako ulikuwa mkali tangu siku ya kwanza, ulikuwa umeandikwa humo humo ndani wakati wanatuambia watoto wengi hupona. Ya pili ni ya kuzaliwa nayo. Jina lake ni herufi na namba, kama namba ya gari. Akataka damu ya Simiyu, na yangu, na ya baba yako.

Ilinibidi nimwambie baba yako nilichofanya. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele. Alikaa kwenye kiti, akauliza kama tutaenda hospitali pamoja au ataenda peke yake.

Damu zilipopimwa, ikajulikana ile alama ya kuzaliwa nayo imetoka kwake. Yeye anayo na hajawahi kuumwa hata tumbo. Alikupa wewe, akampa na Simiyu. Daktari alisema mara nyingi kwamba hakuna aliyemkosea mwenzake, na kwamba kuwa nayo si lazima kuugua, lakini baba yako siku hizi hambebi Simiyu. Anamwangalia akicheza, halafu anatoka nje kutafuta la kufanya. Hilo nalo nimepewa nilibebe.

Kukhu alipofika juzi tukamweleza yote. Nilikuwa nimengojea siku hiyo, sikufichi. Nilimwambia, "Mama, damu ni yenu." Nikadhani roho yangu itatulia. Haikutulia hata kidogo. Na yeye kuhusu damu hakuuliza lolote. Alichouliza ni, "Kwa hivyo mimi nilizika nini?" Nikamwambia, "Mshumaa, mama." Akajifunika leso usoni. Nilimsikia akilia, na sikwenda kumshika, ingawa najua ule mchanga aliuchimba kwa mikono yake kwa ajili yako.

Simiyu amepigwa picha ya kwanza ya tumbo. Mafigo yote mawili safi. Atakuwa anapigwa kila baada ya miezi mitatu mpaka awe mkubwa wa kwenda madarasa ya juu, ili kikitokea chochote kikutwe kidogo. Daktari alifurahi, akanishika bega, akasema Nafula amemlinda mdogo wake. Kanisani wameipata hiyo habari, na sasa kila Jumapili kuna mtu ananifuata kunipongeza kwamba mwanangu ni malaika mlinzi. Natabasamu. Nikifika nyumbani natamani kuvunja vyombo.

Maana sikukuzaa umlinde mtu. Hiyo haikuwa kazi yako. Ulikuwa na miaka minne, kazi yako ilikuwa kuchafua vitenge vya wateja na kukataa kulala.

Nakuahidi haya, nayo ni machache. Simiyu hatakosa picha hata moja, hata kama itabidi nimbebe mgongoni akiwa na ndevu. Na akikua akiniuliza dada yake alikuwa nani, sitamwambia kwamba ulikufa ili yeye aishi. Uongo huo sitauweka juu yako. Nitamwambia ulikufa kwa sababu waliokuja kuujua ugonjwa wako walikuja ukiwa huwahitaji tena, na kwamba ulipenda soda. Vile vilivyobaki vyako vimekatwa vikaisha; hakuna tena cha kurudisha, na kaburi litabaki pungufu mpaka nije mimi kulala karibu.

Kwaheri, mama yangu mdogo. Nenda ukacheze. Kazi waliyokupa imekwisha.

Mimi mama yako.