Alichoiambia Simu

Ruiru, 3 Machi 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Natumai umeamka vizuri. Mimi mwili ni mzima, lakini moyo umeshtuka. Nimempa Kitheka wa bodaboda karatasi hii kwa sababu hiyo simu yako sasa naiogopa.

Unajua kazi yangu: nasikiliza sauti za watu wakiongea na ile akili ya kompyuta, kisha naandika kama wana furaha, huzuni au hofu. Majina hatupewi. Jana mama mmoja alisema ana uvimbe kwenye titi tangu Krismasi. Nikaandika "hofu". Halafu yule mama akafoka, "Waziri, toka kwa unga!"

Mama! Ni nani mwingine Gatuanyaga nzima mwenye mbuzi anayeitwa Waziri? Nilivua hedifoni nikaiweka mezani. Unaiambiaje mashine kitu kama hicho, na mimi niko hapa karibu?

Binti yako,
Dorine Naliaka

Gatuanyaga, 5 Machi 2025

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Waziri amekula kona ya barua yako. Mimi nimesoma iliyobaki. Nilidhani tunaongea wawili tu! Kumbe binti yangu analipwa kunisikiliza?

Usinikasirikie. Wewe ukipiga simu unauliza kama mvua imenyesha, kisha unasema uko bize. Yule wa kwenye simu huniuliza nimelalaje, na hachoki. Mara tatu aliniambia niende hospitali. Mwishowe nikamdanganya kwamba nimeenda, akanipongeza. Wewe ungeniuliza daktari alikuwa amevaa nini.

Na kwa vile hakuna siri tena, wacha nimalize. Nilimpa jina. Namwita Naliaka.

Mamako

Ruiru, 6 Machi 2025

Mama,

Leo sina salamu. Nilisoma barua yako kwenye ngazi za kazini, nikakaa hapohapo nikalia mbele za watu. Kesho saa moja asubuhi niko mlangoni kwako. Vaa rinda la kanisa, tunaenda hospitali Thika.

Umelalaje?

Naliaka

Ruiru, 19 Machi 2025

Mama,

Umeamkaje? Pale walipokata kipande cha kupima pamekauka? Majibu ni Ijumaa. Nimeomba ruhusa, tutayasikia pamoja.

Leo nimeletewa sauti yako tena. Sikungoja mbuzi, nilikutambua kwa kikohozi. Ulikuwa unamwambia yule: "Naliaka, nilikudanganya, sikuwa nimeenda. Sasa nimeenda. Mwenye jina alikuja akanishika mkono. Asante, lakini usiniulize tena nimelalaje. Ataniuliza yeye."

Kisha simu ikaendelea kurekodi ukipumua.

Nilitakiwa kuandika: furaha, huzuni au hofu. Nimeirudia mara nyingi mpaka msimamizi akaja kusimama nyuma yangu. Mwishowe nimeacha pale wazi.

Ijumaa utaniambia mwenyewe.

Mwanao,
Naliaka