Dawa ya Usingizi ya Mama

Bukavu, Nyalukemba
Tarehe 9 mwezi wa tatu 1984

Mupendwa kaka Venant,

Pokea salamu za dada yako Emérence. Uko muzima? Shemeji na watoto, habari yao? Kile kikohozi chako kiliisha? Mimi mwili iko muzima, lakini roho inatetemeka, sitakuficha.

Shida ni mama. Tangu Noeli anasahau, na si kusahau kwa uzee tu. Mboga ya sombe inaungua kwa moto yeye amekaa pale pale. Anauliza papa iko wapi, na papa tulimuzika miaka sita sasa. Juzi alipotea akitoka misa, njia aliyoipita miaka arobaini!

Tulisema ni karuho, ile sumu ya kulisha mutu polepole. Na nani anamupikia? Colombe, muke wa mudogo wetu Philémon. Mimi ndiye wa kwanza kumutaja. Tukamutoa jikoni. Maskini Colombe alilia, akala chakula cha mama mbele ya macho yetu, lakini sikumuamini.

Kumbe mama alisikia lile neno sumu. Akaogopa, akakataa kulala. Basi zile vidonge vya usingizi ulizotutumia kabla ya Noeli, badala ya moja nikamupa mbili. Alilala, ndiyo, lakini asubuhi alikuwa anayumba, kinywa kikavu, amesahau zaidi. Nami nikasema: si munaona, sumu inaendelea! Alipopata mafua nikaongeza na sirop, ile dawa ya maji inayoleta usingizi.

Jumatatu nilimupeleka kwa infirmier Apollinaire, yule muuguzi, nikitafuta dawa ya karuho. Akataka kuona kila kitu mama anachomeza. Akazitazama vidonge, akanitazama mimi.

"Maman Emérence, hizi za usingizi zinaweza kuharibu akili ya muzee. Pamoja na sirop hii, ni mbaya zaidi. Nani anamupa?"

Ni mimi, kaka. Mukono huu unaokuandikia.

Amesema tusikate mara moja, mwili umezoea, anaweza kuanguka kifafa. Tupunguze kidogo kidogo, yeye mwenyewe atamufuata kila wiki. Nikamuuliza kama akili itarudi. Alisema labda yote, labda nusu, kwa sababu uzee nao uko ndani. Aye, Venant, naogopa! Naogopa kupunguza, naogopa kuendelea. Usiku na muchana namuangalia tu kama anapumua.

Colombe nilimuomba musamaha kwa magoti. Alichukua mwiko, akarudi kupika.

Nakusihi, usitume dawa tena. Njoo wewe mwenyewe, hata siku tatu, usingoje likizo.

Philémon, Colombe na shangazi Georgette wanakusalimia sana. Mama pia ningependa akusalimie. Jana kifurushi chako kilifika, nikamuambia ni cha Venant. Alishika kitenge kilichokuwa ndani, akakibusu, akaniuliza: "Huyu Venant ni mutoto wa nani, anayenipenda hivi?"

Mungu akuongoze njiani, na amutunze mama mpaka ufike.

Dada yako anayekupenda na kuogopa,
Emérence