Nafasi ya Belarmino

Jumanne, 3 Machi 1964
Siku ya kwanza kwenye injini. Kofia imepeperuka kabla sijapanda! Hapa Patagonia upepo haujui kupumzika. Wiki tatu za majaribio, kisha mtihani. Nikifaulu, napata kazi ya mtia makaa na nyumba ya reli, vyumba viwili, na mke wangu Zulema anakuja na watoto kutoka kwetu Tucumán. Nikishindwa, narudi kwenye miwa. Basi.

Anayenifundisha ni Belarmino, mtu wa kisiwa cha Chiloé, miaka hamsini na sita, mfupi, mabega mapana. Alikagua viganja vyangu, akauliza kwetu nilikuwa nachoma nini. Kuni, nikamwambia, injini za kiwanda cha sukari, miaka tisa. Akaguna tu. Dereva wetu, Ostoich, akadakia, "Kuni? Basi tumeletewa mpishi."

Ijumaa, 6 Machi
Nimeudhika. Miaka tisa kazini, na leo nafundishwa kushika beleshi!

Lakini hapa hakuna anayenisoma, kwa hiyo niseme kweli: sijapata kuona mtu akitia makaa namna ile. Beleshi lake haligongi mlango wa tanuri hata mara moja. Moja kona ya kushoto, moja ya kulia, moja karibu na mlango, anafunga, anatazama moshi. Makaa ya mawe ya huku ni vumbi tupu, kwa hiyo anayalowesha kwanza kwa mpira wa maji, yasichukuliwe na upepo. Na moto wake ni mnene, kina chake kinafika magotini, mweupe kila pembe.

Kwetu moto mnene hivyo tungeuchokoa mpaka utawanyike. Nilinyoosha mkono kuchukua chuma cha kuchokolea. Akawahi kukishika.

"Bwana Miwa, moto huu hauchokolewi. Kuna mvuke unapita chini yake kuupoza. Ukiuchokoa, majivu yanapanda juu kwenye joto, yanayeyuka, yanaganda kuwa jiwe. Halafu utanieleza tutafikaje."

Jumatano, 11 Machi
Mgongo! Sina nguvu ya kuandika mengi. Mchana tulichoma nyama ya kondoo juu ya beleshi. Belarmino huliosha kwanza kwa maji ya moto, kwa adabu kabisa. Ostoich anadai anamvumilia kwa sababu ya nyama hiyo tu. Uongo. Nimemchunguza: safari nzima hatazami geji ya mvuke. Miaka kumi na mmoja na Belarmino, anasema, geji ni pambo.

Jumanne, 17 Machi
Leo nimeshika beleshi mimi peke yangu, kutoka mgodini hadi bandarini, mabehewa yamejaa, upepo unatusukuma. Sindano ya geji haikushuka. Belarmino akasema nimetia makaa kama mtu. Nilifurahi kupita kiasi, hata nilipooa sikufurahi hivyo.

Jioni nikapita kwa Bi Irma, karani, kuulizia nyumba. Akaniambia nyumba itapatikana tu, maadamu Belarmino anashuka. Anashuka wapi? Akanishangaa. Kumbe nafasi ni moja, na ni yake. Waliopita hamsini na tano wanashushwa kwenye injini pindi mbadala anapofaulu mtihani. Yeye atapelekwa shimo la majivu, kuzoa. Mbadala asipofaulu, anabaki.

"Kwani hukujua, kaka? Mwenyewe anajua tangu Januari."

Anajua! Na wiki mbili hizi ananirekebisha kiwiko.

Alhamisi, 19 Machi
Nimemuuliza Belarmino kwa nini ananifundisha. Alikuwa anakunywa mate, ile chai yetu chungu ya kufyonza kwa mrija, akaendelea kufyonza mpaka ikaisha.

"Sasa ulitaka nifanyeje? Nikufundishe vibaya, uwaharibie watu boila?"

Ndiyo hayo tu. Nampenda mzee huyu na ninamwonea haya.

Jumamosi, 21 Machi. Kituo cha kupishania, juu ya mlima, saa nane mchana
Naandikia ndani ya injini. Leo ndio mtihani: kurudisha mabehewa matupu mgodini, upepo usoni. Ostoich anasema mabehewa si kitu, tunavuta upepo.

Mkaguzi Ledesma alisimama nasi nusu ya njia. Moto ulikuwa safi. Kisha vumbi la makaa likamwingia jichoni, akahamia behewa la nyuma. Akasema atakuja kusoma geji hapa juu.

Tulipoanza mlima upepo ukatupiga kwa ubavu. Sindano ikaanza kushuka. Kumi na nne. Kumi na mbili. Belarmino alinionyesha kwa kidole: kona, kona tu, subiri. Sikusubiri. Mkono ukaenda kwenye chuma na nikachokoa! Miaka tisa ya kuni ndiyo iliyochokoa. Dakika kumi baadaye jiwe jeusi katikati ya moto, na sindano kwenye tisa.

Hakunitukana. Alichukua chuma, akalivunja jiwe, akalitoa vipande vipande, kisha akaujenga moto upya kutoka kwenye kona, beleshi moja moja, bila pupa, wakati treni inatambaa. Mimi nikawa wa kulowesha makaa. Nilisahau hata kuogopa, nilikuwa namtazama tu. Tumefika sindano ikiwa kumi na nne.

Ledesma akapanda, akasoma geji, akauliza: Nani alikuwa kwenye beleshi mlimani?

"Yeye," Belarmino akasema, jasho likimtiririka shingoni.

Shati langu kavu kabisa. Ostoich akageukia dirishani. Ledesma, na jicho lake moja zima, alitutazama kwa zamu, akanipa fomu: nijaze mwenyewe, nitie sahihi. Mstari wa nne: nani alitia makaa mlimani. Akaenda kunywa chai ya mate kwa mkuu wa kituo hadi treni ya makaa inayoshuka ipite.

Nikamnong'oneza Belarmino kwamba hiyo ni nafasi yake anayoitoa.

"Wanao wako mbali," akasema. "Wangu wameshakuwa wakubwa."

Nikamwambia sitaweza. Akajibu anakwenda kuangalia maji.

Kabla ya kushuka aliniazima kalamu yake, maana fomu haikubali penseli. Ndiyo hii ninayoandikia. Huku kwenye daftari nimejaza ukurasa. Kule kwenye fomu nimeandika jina langu tu, juu kabisa; mstari wa nne bado mtupu.

Yuko chini pale, kwenye upepo, ameupa mlango wa injini mgongo ili asinione nikiandika. Treni ya makaa inapiga honi. Ledesma anatoka, anafunga koti—